Tusiwatungie marehemu wimbo wa dakika tatu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba hatuna wimbo wa maafa. Alishauri watunzi waitwe, washindanishwe, mshindi apewe zawadi, ili tarehe 10 Septemba, siku ya kuwakumbuka waliozama na meli ya Spice Islander, ikifika tuwe na kitu cha kuimba. Nia yake njema, sina ugomvi nayo. Lakini mimi nimepiga fidla miaka 43, maharusini, redioni na kwenye mabaraza ya Idi, na naomba nafasi nimjibu.

Nyimbo za maafa tunazo hadi za kumwaga. Arubaini ya marehemu haijafika, studio imeshatoa wimbo. Kinanda kinafunguliwa mdundo uliokuja nao kutoka kiwandani, ubeti wa kwanza unataja tarehe, wa pili unawashukuru viongozi kwa majina na vyeo vyao, wa tatu unatutaka tuwe na subira. Baada ya mwezi hakuna anayeukumbuka, hata aliyeuimba. Siwadharau wanaozitoa; wawili watatu niliwafundisha mwenyewe kushika upinde. Ninachosema ni kwamba maneno ya msiba yalikwisha tungwa zamani, na watu waliotushinda kwa mbali. Sisi wapiga ala kazi yetu ni kuyatafutia sauti ndogo inayoyafaa, basi.

Nieleze nilikotoka, maana nisipoeleza nitaonekana mzee anayechukia vinanda. (Ni kweli navichukia, lakini si hoja ya leo.)

Spice Islander iliondoka hapa Unguja usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, kwenda Pemba. Sikukuu imekwisha, watu wanarudi makwao. Meli ile ilisajiliwa kuchukua watu wasiofika 700, abiria na mabaharia. Tume iliyochunguza baadaye ilisema ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,000. Usiku wa manane ikapinduka na kuzama katika mkondo wa Nungwi. Wapo waliopona kwa kukumbatia magodoro yaliyokuwa yakisafirishwa kama mizigo. Binti wa dada yangu alikuwa na miaka 19, amekuja Mjini kujifunza ushoni, na alikuwa akirudi Wete na cherehani ya mkono aliyonunuliwa na mama yake. Cherehani haielei. Asubuhi ile nilikuwa Maisara pamoja na mji mzima, natembea katikati ya shuka walizofunikwa watu, nikifunua na kufunika, na kila nikifunika nashukuru, kisha naona haya kwa kushukuru. Hakupatikana. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, meli nyingine, Skagit, nayo ikazama karibu na Chumbe, na dada yangu akawa hataki hata kuisikia honi ya boti.

Fidla yangu ilikaa ndani ya sanduku lake muda mrefu. Si kwamba niliapa. Nilikuwa tu sijui nipige nini.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu mmoja wa kujitolea, Mzungu, aliyekuwa akifundisha selo, ndugu mkubwa wa fidla, hapa Mjini. Siku moja alinikalisha chumbani kwake akanisikilizisha kazi ya Mmarekani aitwaye Ned Rorem. Huyu Rorem alikuwa mtunzi wa New York, maarufu kwa nyimbo za sauti moja, na alikuwa mtu mzima wa miaka 77 siku minara ya jiji lake ilipoangushwa, tarehe 11 Septemba 2001. Alichofanya baada ya pale si wimbo wa taifa wala gwaride. Alitunga nyimbo 10 kwa ajili ya watu wanne: mwimbaji mmoja, fidla moja, selo moja na piano. Akaziita Aftermath, kwa maana ya kile kinachobaki maafa yakishapita. Maneno hakumwagiza mshairi wa zamu amtungie. Aliyachukua kwenye mashairi yaliyokuwepo tayari, na moja ni la Shakespeare, soneti (shairi la mistari 14) ya 64, lililochapwa mwaka 1609.

Nilimwomba mwalimu yule anifasirie soneti hiyo polepole, mstari kwa mstari. Mshairi anasema ameona minara iliyokuwa mirefu ikibomolewa hadi chini. Ameona bahari yenye njaa ikiila pwani, kisha pwani nayo ikiinyang'anya bahari, kila mmoja akijaza ghala lake kwa hasara ya mwenziwe. Na kutokana na magofu hayo amejifunza kwamba siku itakuja, muda umchukue na huyu ampendaye. Mhariri, nilimwambia arudie. Minara ile ni ya kwao, sawa. Lakini bahari ile ilikuwa yangu. Mtu wa Uingereza, miaka 400 nyuma, ambaye hakuijua New York wala Nungwi, alikuwa ameshasema kilichonikwama kooni, na Rorem alikuwa na akili ya kutomwongezea neno.

Mwalimu yule akanitajia na Mjerumani mmoja, mshairi Friedrich Rückert, aliyefiwa na watoto wake wawili katika majira ya baridi ya 1833 kuingia 1834, akaandika mashairi zaidi ya 400 ya kuwalilia. Mashairi yale yalikaa kiasi cha miaka 70 ndipo mtunzi wa muziki Gustav Mahler akachagua matano akayatia muziki. Miaka 70! Sisi hatuwezi kungoja arubaini.

Nikarudi nyumbani nikajiuliza: Shakespeare wetu wa bahari ni nani? Sikuhitaji kufikiri sana. Nilisomeshwa na babu yangu utenzi wa Al-Inkishafi kabla sijasomeshwa kufunga viatu.

Wasomaji wako vijana pengine wanaijua kwa jina la mtihani tu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, akiuangalia mji wa Pate, karibu na Lamu, ulivyokwisha. Mji uliokuwa na nyumba za ghorofa, taa za fuwele na vyombo vya kauri madakani, ukabaki popo wananing'inia juu na bundi wanakoroma ndani. Kwa hiyo utenzi huo wenyewe ni jibu la maafa. Na angalieni alivyojibu: hakuandika jina la sultani aliyesaidia, hakushukuru mtu. Aliuita moyo wake pembeni akauuliza, wewe una nini hata huzinduki? Ndani yake mna ubeti huu:

Suu ulimwengu bahari tesi,
una matumbawe na mangi masi;
aurakibuo juwa ni mwasi,
kwa kula khasara ukhasiriye.

Kwa Kiswahili cha leo, kama nilivyofundishwa: dunia hii ni bahari iliyochafuka, ina miamba ya matumbawe na mabaya mengi, mwenye kuipanda, jua kwamba ni mwasi, na kwa kila hasara amehasirika. Neno "rakibu" ni la Kiarabu, kupanda chombo au mnyama, na Waarabu mpaka leo abiria humwita kwa neno la asili hiyo hiyo. Nilikuwa nimeusoma ubeti huo mara mia na sikuwahi kumwona abiria ndani yake.

Tukajikusanya wanne. Mimi na fidla. Rafiki yangu wa zamani na udi lake, ambalo mbao yake imepasuka na kuungwa mara mbili na linatoa sauti nzuri kuliko maudi mapya yote niliyoyasikia. Kijana mmoja mwanafunzi wa selo. Na mwimbaji, mwanamama ambaye zamani tukimsindikiza kwenye taarab watu walikuwa wakipanga foleni kumtunza. Kanuni, ala ile ya nyuzi nyingi, tuliiacha, inameremeta mno. Dumbak, ngoma ya taarab, tuliiacha pia, nitaeleza kwa nini. Tulikuwa tukikutana kwangu, Jang'ombe, sebuleni, baada ya Alasiri.

Kwanza tuligombana juu ya maqamu, yaani ngazi ya sauti ya kupigia. Kila mtu atakwambia kilio ni Saba. Tukajaribu Saba, na kweli ililia, tena ililia mpaka maneno yakazama. Ubeti ule umeshabeba msiba wake, ukiutia Saba unakuwa kama mtu aliyekodiwa kulia matangani. Mpiga udi akasema tuweke Bayati. Bayati ndiyo sauti ambayo msomaji wa Kurani mara nyingi huanzia, sikio la mtu wa hapa limezaliwa humo, halishtuki. Ndani ya Bayati mtu anaweza kusema jambo zito kama anavyolisema barazani, bila kupasua koo. Tukakaa hapo.

Shida kubwa ilikuwa mizani. Hesabu mwenyewe: su-u-u-li-mwe-ngu, sita, ba-ha-ri-te-si, tano. Kila mstari ni 11, na umekatika sita kwa tano. Ukiuweka juu ya mdundo wa nne nne wa dumbak, lazima uuvute mahali au uubane mahali. Tulipoubana, "bahari" ikakatika katikati, "ba" huku na "hari" kule, mwimbaji akacheka akasema, "Maalim, sasa hiyo ni joto." Ndipo dumbak ikatoka mlangoni. Tukaacha silabi ndiyo iwe pigo.

Na hapa nikaona kitu ambacho katika miaka yangu yote ya fidla sikukijua. Nilipiga silabi sita kwa kuuteremsha upinde na silabi tano kwa kuupandisha. Mwendo ni mmoja, lakini upinde unashuka hatua sita na kurudi tano, kwa hiyo haurudi ulikoanza. Kila mstari unasogea hatua moja kuelekea nchani. Ncha ya upinde ni nyepesi, haina nguvu, sauti yake ni nyembamba. Mstari wa kwanza ukaanzia penye mkono, sauti nene. Wa pili umeanza kupungua. Ukifika mstari wa nne, "kwa kula khasara", fidla inaongea kwa sauti ya mtu aliyechoka. Sikupanga. Sayyid Abdalla hakuwa na habari ya upinde wangu. Ni hesabu ya ubeti tu, na laiti ningeusahihisha upinde kama wanavyofundisha vitabuni ningeipoteza.

Sasa nije kwenye mstari wa tatu, ambao ndio ulionifanya niandike barua hii.

Jioni moja mwimbaji wetu aliimba mistari miwili akanyamaza. Tukadhani amesahau. Akafunika daftari.

"Maalim, mimi huo siuimbi."

"Una nini?"

"Dada yako atakuwepo?"

Nikamwambia atakuwepo, ndiye tunayempigia.

"Basi nimtazame usoni nimwambie mwanawe aliyepanda chombo ni mwasi?"

Kijana wa selo akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kumweleza, kwa ujuvi wangu wa ualimu, kwamba mshairi anakusudia dunia, abiria ni kila mmoja wetu, kwamba ni istiara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Istiara unaijua wewe. Yeye anamjua binti yake." Sikuwa na jibu. Mpiga udi akashauri tuuruke ubeti mzima. Nikakataa, huo ndio wenye bahari. Nikashauri tubadilishe neno moja, "mwasi" tuweke jengine lenye vina sawa, na papo hapo nikaona aibu, maana hayo ndiyo niliyokuwa nikiwalaumu wenzangu wa vinanda: kumsahihisha marehemu ili aliye hai asikasirike.

Tukakaa hivyo siku tatu. Aliyetuvusha ni yule kijana wa selo, ambaye kwa kawaida hasemi. Alisema, kwani lazima mstari uimbwe? Mwacheni mama anyamaze, mimi nitaupiga. Tukajaribu. Mwimbaji akaimba miwili ya mwanzo, akafumba mdomo. Selo peke yake, chini kabisa, ikapita silabi 11, sita kwa tano, sauti ile ile ambayo angeimba yeye, bila neno. Kisha mwimbaji akaingia na "kwa kula khasara ukhasiriye", na ile "ye" ya mwisho akaiacha ikae mpaka pumzi ikamwishia. Anayeujua ubeti atajua selo imesema nini. Asiyeujua atasikia selo. Hatukufuta neno la Sayyid Abdalla na hatukumtupia dada yangu.

Mhariri, hilo huwezi kulifanya na kinanda na spika mbili za kimo cha mtu. Muziki wa watu wanne una mahali pa kunyamaza.

Tuliupiga Septemba 2012, usiku baada ya Isha, siku ya pili yake baada ya khitma ya mwaka. Tulikuwa sebuleni kwangu, watu 13 wamekaa juu ya majamvi, na wanne sisi. Friji tulilizima kwa sababu linaguruma karibu na uzi wa chini wa selo. Tulipiga beti nane tu, kiasi cha robo saa. Hakuna aliyesimama kutunza. Mwimbaji wetu aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote ya kuimba ndiyo mara ya kwanza hakupewa hata shilingi, na akasema kwa namna ya mtu anayejisifu.

Tulipofika ubeti wa bahari na selo ikabaki peke yake, nikasikia sauti pembeni. Alikuwapo mzee mmoja jirani, zaidi ya miaka 80, aliyelelewa Lamu. Mzee yule hakujua mipango yetu. Ameusikia mstari umeachwa, akaona vijana wamesahau, akausaidia, polepole, kama barazani mtu anavyomkumbusha msomaji: "Aurakibuo juwa ni mwasi." Nusura upinde uniponyoke.

Tukamaliza. Kahawa ikapita. Dada yangu akamgeukia yule mzee akamwuliza, "Baba, pale ulisemaje?" Mzee akamrudia mstari wote na kumfasiria bila kumficha. Dada akakaa kimya, kikombe mkononi. Kisha akasema, "Mwanangu alikata tiketi akakaa alipoambiwa akae. Mwasi ni aliyewapakia watu kama magunia ya karafuu." Yule mzee akatikisa kichwa na kusema, "Na huyo pia yumo."

Niliyoyaeleza juu ya istiara, kwa dakika kumi, hayakufika robo ya hayo.

Mwaka uliofuata habari zetu zikafika kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja. Tukaitwa. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, alitupa soda, na akatuonyesha ratiba ya shughuli ya kumbukumbu. Tulikuwa tumepangwa katikati ya neno la mgeni rasmi na ugawaji wa vyeti, na mbele ya nafasi yetu paliandikwa: Burudani, dakika tatu. Aliomba mambo matatu. Tupunguze beti. Tuongeze kinanda, kwa sababu uwanjani sauti ya selo haitafika. Na kama inawezekana tulitazame tena neno "khasara", kwa kuwa linaweza kueleweka vibaya na watu wa mizigo. Nikamwuliza, kwani linaweza kueleweka vizuri vipi? Akacheka, maskini, si yeye aliyeandika ratiba. Tukamaliza soda tukaaga. Siku ya shughuli walipiga kwaya, sikuisikia, sina la kusema juu yake.

Kuhusu sauti kutofika uwanjani, kijana yule alisema kweli, na nimelifikiria sana tangu hapo. Haifiki. Lakini nani alisema maombolezo ni ya uwanjani? Taarab yenyewe, ambayo leo hatuiwezi bila jukwaa na jenereta, inasimuliwa ilianzia ndani ya kasri ya Sayyid Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kanuni. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, aliifikisha sauti yake pwani nzima akiwa na kikundi cha watu wachache wanaoenea kwenye mkeka mmoja. Muziki wa chumbani si kitu cha Wazungu tulichoazima juzi. Sisi tuliutoa chumbani, sasa tunashangaa kwa nini hausemi tena mambo ya chumbani.

Najua pia watakaoniandikia kwamba ala hazina nafasi kwenye msiba, tena juu ya utenzi wa mawaidha. Nawaheshimu, na baadhi yao ni jamaa zangu. Sikupeleka fidla makaburini wala kwenye khitma. Pale pana Kurani, na Kurani haihitaji msaada wangu. Nilipiga siku ya pili, nyumbani kwangu, kwa waliotaka kuja. Mke wa jirani yangu hakuja, alinieleza sababu zake, na asubuhi yake aliniletea mkate wa kumimina. Tumeishia hapo na inatosha. Nitakumbusha moja tu: Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye khati zake ni miongoni mwa zilizotuhifadhia tenzi za kale, alikuwa pia mchonga milango na mtu wa ngoma na ala. Mkono ulioandika ndio uliopiga.

Kwa hiyo kwa msomaji mwenzangu aliyetaka mashindano: zawadi hiyo, ikipatikana, msimpe mtunzi. Wapeni wanafunzi wanne wa muziki, wa hapa au wa Tanga au wa Mombasa, nauli na mwezi mmoja wa kukaa na mzee anayejua Kiamu, lahaja ya Lamu, wachague beti zao wenyewe. Si lazima ziwe hizi zangu. Waliofiwa kwenye meli ya Bukoba mwaka 1996 na kwenye kivuko cha Nyerere pale Ukara mwaka 2018 wana ziwa, si bahari, na wana lugha zao na wazee wao wenye maneno. Wawaulize hao kwanza, kabla ya kuwasha kinanda.

Na kwako Mhariri, ombi dogo. Kila tarehe 10 Septemba gazeti lako huweka ukurasa wa salamu za rambirambi za makampuni, na nembo zao. Nipunguzie salamu moja, uweke ubeti mmoja mahali pake, bila picha, bila maelezo.

Upande wangu mambo hayaendi vizuri. Nina miaka 71 na kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimeanza kukataa. Mpiga udi alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na udi lake lipo kwangu. Kijana wa selo yuko Dubai, anapiga hotelini, ananitumia ujumbe wa sauti kila Idi. Mwimbaji bado yupo na sauti bado ipo. Nota za zile beti nane nimeziandika kwenye daftari la skuli la kurasa 48, kwa nota za Kizungu na maneno kwa khati zote mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu, na mstari wa tatu wa ubeti wa bahari nimeuandikia selo tu, chini yake nimeacha nafasi tupu. Kama yuko msichana au mvulana anayepiga selo na yuko tayari kuja Jang'ombe baada ya Alasiri, aulize dukani kwenye kona nyumba ya mwalimu wa fidla, ataonyeshwa. Aje na upinde wake. Nauli ya daladala nitamrudishia.

Mpiga fidla mstaafu,
Jang'ombe, Unguja